Vyungu Viwili vya Siklameni, na Kosa Letu

Mwezi wa Mei mwaka huu tulimjibu mmoja wenu swali kuhusu maua ya chunguni, na jibu letu lilikuwa na makosa. Tungeweza kulinyamazia, kwa kuwa swali lilitujia kwa ujumbe wa sauti na jibu likarudi kwa njia ileile, wala hakuna mwingine aliyelisikia. Lakini aliyelifuata shauri letu lilimgharimu kitu asichoweza kukinunua tena, naye ndiye aliyetuomba tuyaandike haya, ili wengine walio katika hali kama yake wasije wakapotezwa.

Dada huyu ni mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Kwa miaka mingi sasa anaishi na mumewe na watoto wao mjini Leicester, Uingereza. Mwaka jana mama yake mzazi alikwenda kumtembelea, akakaa naye tangu Oktoba hadi Februari. Mama alikuwa mtu wa maua. Nyumbani kwake hapa palikuwa na mirehani, mikilua na miasumini iliyopandwa katika makopo ya samli, na huko ugenini, katika baridi asiyoizoea, macho yake yalitafuta kitu cha kutunza. Siku moja ya Novemba, sokoni, akaona maua yaliyosimama juu ya vikonyo vyembamba, petali zake zimepinduka nyuma kama masikio ya sungura aliyeshtuka, na majani yake ya mviringo yana marembo ya rangi ya fedha. Akanunua vyungu viwili, kimoja cha maua meupe na kimoja cha waridi. Akaviweka kimoja jikoni na kingine katika dirisha la chumba cha mjukuu wake, alikokuwa akilala.

Februari mama akarejea Mombasa. Machi akatutoka. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mwezi wa Mei ndipo binti yake alipotuandikia. Maua yalikuwa yamekwisha, na sasa majani nayo yalianza kugeuka manjano, moja baada ya jingine, yakilegea na kulala ukingoni mwa chungu. Alitutumia picha. Katika sauti yake hamkuwa na swali la bustani tu. Alisema hakuweza kuja kumzika mama, na kwamba vyungu vile ndivyo vilivyobaki vya mkono wake, navyo sasa vinakufa mbele ya macho yake. Afanye nini?

Tuliitazama picha kwa macho ya mtu wa pwani. Huku kwetu, mmea ukigeuka manjano na kulegea wakati wa jua, jambo la kwanza mtu analolifikiri ni kiu. Tukamwambia aongeze maji asubuhi na jioni, avitoe vyungu mahali penye mwanga mwingi, na atie mbolea kidogo. Tulisema kwa uhakika, kama watu wanaojua. Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitunza siklameni.

Alitii. Kile chungu cha jikoni, chenye maua meupe, alikinywesha kila siku. Kabla ya mwezi kwisha majani yote yalikuwa yameanguka, na udongo ukatoa harufu mbaya. Alipochokoa kwa kidole, kile kiazi kilichokuwa chini ya majani kilibonyea kama ndizi iliyopitiliza. Chungu cha pili kilikuwa juu, chumbani kwa mwanawe wa miaka kumi na minne, ambaye alikuwa ameagizwa akinyweshe na hakukinywesha hata siku moja. Mama mtu alipanda ngazi kwa hasira, akamkemea mtoto. Akakiinua chungu. Kilikuwa chepesi kama kopo tupu, udongo umekauka hata umejitenga na kuta za chungu, na hakuna jani hata moja. Lakini kiazi kilikuwa kigumu kama jiwe la pwani.

Ndipo alipoturudia, safari hii akiwa na maneno makali kidogo, na alikuwa na haki. Nasi tukafanya tulilopaswa kulifanya tangu mwanzo: tukaenda kumwuliza anayejua. Yuko bibi mmoja hapa mjini ambaye aliishi Uingereza zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurudi kuzeekea nyumbani. Tulimwonyesha picha zote mbili. Hakuzitazama sana. Alituuliza swali moja tu: kiazi kikuu kikikauka majani shambani, huwa mnakimwagia maji?

Hatukuwa na la kujibu. Kila aliyelelewa na wakulima wa pwani anajua kwamba kiazi kikuu hupandwa mvua zikianza, mizabibu yake hutambaa juu ya miti, kisha ukafika wakati ikakauka yote na kuwa kama kamba kuukuu. Hapo hapana msiba. Ndiyo dalili kwamba kazi imekwisha juu na mali yote imehamia chini. Siklameni nayo ni mmea wa kiazi. Inavyoonekana kwetu kama mgonjwa anayekata roho, inakuwa inafunga duka tu.

Ili kuelewa kwa nini inalala wakati wenzake wote wa Uingereza wanachanua, yafaa kujua ilikotoka. Siklameni ya chunguni asili yake ni nchi zilizo upande wa mashariki wa Bahari ya Kati: kusini mwa Uturuki, Syria, Lebanon, Palestina, Yordani, Kupro na baadhi ya visiwa vya Ugiriki. Philip Miller, mtaalamu wa mimea wa Kiingereza wa karne ya 18, aliipa jina la kitaalamu linaloinasibisha na Uajemi, ingawa Uajemi haioti porini. Huota katika nyufa za miamba na chini ya miti ya misonobari na mialoni, mahali ambapo udongo ni haba na maji hayatuami.

Waarabu wana majina kadhaa ya ua hili. Lililo mashuhuri zaidi katika vitabu vyao vya dawa ni bakhur Maryam, yaani buhuri ya Maryamu, na wasomaji wetu wanaofukiza nyumba zao kila Alhamisi jioni hawatahitaji tafsiri. Wengine huliita fimbo ya mchungaji, kwa jinsi kikonyo chake kinavyojipinda juu. Ulaya ya zamani iliiita mkate wa nguruwe, kwa kuwa nguruwe hukichimbua kiazi na kukila. Sisi tutabaki na buhuri. Katika vijiji vya Palestina watu huyachuma majani machanga ya siklameni ya porini, wakayatia mchele na nyama ndani na kuyapika kama wapikavyo majani ya mzabibu. Hilo tunalisema kwa ajili ya kujua tu, si kwa ajili ya kujaribu. Siklameni ya dukani haikukuzwa kwa kuliwa na huenda imepulizwa dawa za wadudu, na kiazi chake kina sumu inayochafua tumbo vibaya. Mwenye mtoto anayetambaa au paka anayechimba asiiweke chini.

Sasa, hali ya hewa ya nchi zile ni kinyume cha mazoea yetu. Kwetu mvua ya masika huja joto likingali lipo, kwa hiyo mimea yetu haikulazimika kuchagua kati ya joto na maji. Kule mvua huja na baridi. Hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi majira ya kuchipua, kisha mbingu hufunga, na kuanzia Mei hadi Septemba huenda lisidondoke hata tone. Mmea mdogo wenye majani laini hauna njia ya kulishinda jua kama lile. Siklameni ilichagua kutopigana nalo. Huchipua mvua ya kwanza ikigusa udongo, huchanua katika baridi, huweka mbegu, halafu joto likipanda huyaacha majani yake yafe na kujificha ndani ya kiazi hadi mvua nyingine. Ukiimwagia maji katika usingizi huo hainywi, kwa kuwa haina majani ya kuyavuta maji na kuyatoa hewani. Maji hukaa, hewa hutoweka katika udongo, na kiazi huoza. Hivyo ndivyo shauri letu lilivyokiua chungu cha jikoni.

Basi kwa walioko Uingereza, Ulaya na kwingineko kwenye baridi, na tunajua ninyi ni wengi maana barua zenu tunazipata, haya ndiyo tuliyoyapata kwa bibi yule na kwa kusoma baadaye.

Maua yakikoma na majani yakaanza kugeuka manjano, kwa kawaida mnamo Aprili au Mei, usikate maji ghafla. Yapunguze. Kama ulikuwa ukinywesha mara mbili kwa wiki, fanya mara moja, kisha mara moja kwa wiki mbili, ukiyafuata majani yenyewe: kadiri yanavyopungua, ndivyo maji yanavyopungua. Jani la mwisho likikauka, acha. Majani makavu usiyakate kwa mkasi, kwa sababu kisiki kinachobaki huoza na uozo hushuka hadi kwenye kiazi. Shika kikonyo karibu na shina lake, zungusha kidogo, vuta. Kikikataa, kiache siku chache, kitakuja chenyewe.

Kisha chungu hutafutiwa mahali pa kivuli, pakavu, penye hewa na pasipo joto kali. Wengi hukitoa nje na kukiweka chini ya benchi au kando ya ukuta usiopigwa na jua, na hukilaza ubavu. Tuliposikia jambo hili la kulaza chungu tulidhani ni mzaha, kama vile mmea unalazwa kitandani. Sababu yake ni nyepesi. Kiangazi cha Uingereza si kiangazi cha Palestina, mvua hunyesha hata Julai, na chungu kilichosimama wima hukinga maji yote hayo. Kikilazwa, mvua hupita. Asiye na uwanja na akitumie kibanda cha nyuma ya nyumba au chumba kisicho na joto. Chini ya ngazi pia panafaa, mradi usije ukakisahau hadi mwaka mwingine.

Katika miezi hiyo miwili au mitatu ya usingizi, kazi ni moja tu: kukibonyeza kiazi kwa kidole mara moja kila wiki mbili au tatu. Kikiwa kigumu, kizima. Kikiwa kimenywea kidogo, kama kitunguu cha mwisho wa gunia, kipe maji kijiko kimoja au viwili pembeni mwa chungu, si juu yake, kisha kiache. Wapo wanaokikausha kabisa na wapo wanaoacha unyevu mdogo sana, na kila upande una ushahidi wake. Sisi, baada ya yaliyotupata, tuko upande wa ukavu. Kikiwa laini na kinanuka, hapana dawa. Kikiwa chepesi na kitupu, kana kwamba mtu amekikomba ndani, mwaga udongo wote juu ya gazeti ukatazame. Huenda ukakuta mabuu meupe yenye vichwa vya rangi ya hudhurungi, yamejikunja kama herufi C. Hao ni watoto wa fukusi mmoja mweusi ambaye hutaga katika vyungu, nao hupenda mno viazi vya siklameni. Waokote wote na udongo ule uutupe.

Iko hali nyingine ambayo nusura itupoteze tena. Si kila siklameni hulala. Nyingi za siku hizi zimezalishwa na wakulima kwa vizazi vingi, na mahali pakiwa baridi ya kutosha baadhi yake hubaki na majani mabichi mwaka mzima. Ikiwa yako imekataa kulala, usiilazimishe kwa kuinyima maji. Endelea kuinywesha kwa uchache na uiepushe na jua.

Kuamka huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba, usiku unapopoa. Utaona juu ya kiazi vichomozo vidogo, vingine vyekundu kidogo, vidogo kuliko punje ya mchele. Hapo ndipo pa kubadilisha udongo. Toa kiazi, kung'uta udongo wa zamani bila kuikata mizizi iliyo hai, ukipande katika udongo mpya wenye mboji uliochanganywa na mchanga wa chengachenga ili maji yapite. Chungu kisiwe kikubwa. Kikizidi kiazi kwa upana wa vidole viwili kila upande kinatosha, kwa kuwa udongo mwingi hushika maji mengi. Na kiazi kisizikwe. Sehemu yake ya juu iwe nje, ikiona hewa, kama mtu anayeoga baharini na mabega yako juu ya maji. Kisha maji kidogo, ukiongeza kadiri majani yanavyofunguka. Majani yakishajaa, mbolea ya maji yenye potashi kwa wingi, ile wanayoitumia watu wa nyanya, humsaidia kuweka maua. Umwingize ndani kabla ya jalidi ya kwanza.

Ndani ya nyumba, adui ni ile joto tunayoipenda sisi watu wa pwani tukifika ugenini. Dada yetu alikiri kwamba mama yake aliomba vipasha joto viwashwe tangu alfajiri, na nani angemnyima? Lakini siklameni hufurahi zaidi katika nyuzijoto 10 hadi 15, na ikikaa chumba kinachozidi 20 kwa muda mrefu huanza kudhani kiangazi kimefika. Dirisha la chumba kisichopashwa, au la ngazini, ndilo mahali pake. Maji ipewe kwa chini: jaza kisahani, iache inywe kwa robo saa hivi, kisha mwaga yaliyobaki. Ukimwaga juu, maji hutuama katikati ya vikonyo na kuleta ukungu wa kijivu, unaofanana na vumbi hadi uuguse.

Mwezi wa Agosti dada yetu alituuliza jambo lililotutia simanzi kulijibu. Alikuwa akipanga safari ya kuja kuliona kaburi la mama, akataka kukitia kile kiazi kilichosalia katika mkoba wake, akipande katika makopo ya samli ya marehemu ambayo bado yako upenuni. Tulimwambia asikilete. Kwanza, kuingiza mmea nchini kunahitaji kibali cha shirika la serikali la ukaguzi wa mimea, KEPHIS, na cheti cha afya ya mmea kutoka unakotoka, na sheria hiyo haikuwekwa bure. Kiazi kimoja chenye mabuu ndani kinatosha kuwatia wakulima wetu hasarani. La pili ni joto. Mombasa hata katika usiku wa Julai, kusi likivuma na wazee wakijifunika shuka, hakuna baridi ya kuishawishi siklameni kwamba majira yake yamefika. Ingelala na isiamke. Walioko Limuru na Nyeri wanaweza kuijaribu, nao watuandikie. Sisi wa pwani tuna mikilua yetu.

Alikuja mikono mitupu. Makopo ya upenuni tuliyaona tulipokwenda kumpa pole. Mirehani imejipanda yenyewe kwa mbegu zilizodondoka, na yeye alichukua kijani kimoja akakisugua mkononi kabla ya kuondoka.

Kile chungu cha mtoto wake kiliamka tarehe 19 Septemba. Anaikumbuka kwa kuwa ni mtoto aliyekiona kwanza, akapiga kelele toka juu ngazini. Kilitoa jani moja, kikakaa wiki nzima bila la pili, kisha yakaja manne kwa mpigo. Kufikia sasa kina majani kumi na moja, na chini yake kabisa, ukiyapekua, viko vichwa vitatu vya maua vilivyoinama. Hatuwezi kumwahidi kwamba mwaka huu yatakuwa mengi kama ya mwaka jana. Siklameni ya dukani huwa imelelewa kwa wataalamu na vyombo vyao, na mwaka wa kwanza nyumbani mara nyingi huwa mchache wa maua.

Wiki iliyopita alitutumia picha nyingine. Jani moja la pembeni limegeuka manjano, na anauliza kama aogope. Safari hii tulikwenda kwa bibi kwanza. Amesema jani moja si kitu, alizungushe na kulivuta, na amwache mtoto aendelee kuwa ndiye mwenye kunywesha.